Kuketi darasa moja si kusoma pamoja

MAHAKAMA ya Juu ya Marekani ilipoharamisha mnamo Juni 29, 2023 mtindo wa kuzingatia rangi ya mwombaji katika usajili wa vyuo vikuu, matokeo hayakukawia. Katika chuo cha Amherst, Weusi miongoni mwa wanafunzi wapya walipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 3 kufikia mwaka wa 2024.

Tangu hapo mjadala umekuwa wa lango: nani aingie, nani abaki nje. Ni mjadala wa maana. Hata hivyo, umefunika swali la pili: aliyeingia anaishi na nani huko ndani?

Swali hili si geni. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua sababu ya wanafunzi Weusi waliofuzu vyema shule za upili kuanguka hisabati chuoni. Baadhi ya wenzake walishuku ukosefu wa ari au umaskini. Treisman aliwachunguza wanafunzi 20 Weusi na 20 wa asili ya Kichina hadi walikoishi. Aligundua kuwa Weusi walijibidiisha, ila kila mmoja alijifungia peke yake. Wale wengine walikutana jioni, wakasahihishana na kuulizana maswali.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Treisman alipoanzisha warsha za kutatua maswali magumu kwa pamoja, matokeo ya Weusi walioshiriki yaliimarika.

Kwa mwanamume Mweusi, upweke huo una uzito zaidi. Idadi yake vyuoni ni ndogo kuliko ya dada zake. Aidha, anapokaa katikati ya Wazungu, huhofia kwamba akiuliza swali ataonekana mjinga, na akipaza sauti ataonekana mkali. Hivyo hunyamaza, na kimya chake hufasiriwa kuwa kiburi.

Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, kilitambua hali hii mwaka wa 1988 kilipoanzisha mpango wa Meyerhoff kwa vijana wa kiume Weusi waliosomea sayansi. Kusoma kwa makundi kulikuwa nguzo yake. Baadaye mpango huo ulifunguliwa kwa wanawake na kwa watu wa rangi zote.

Somo hili linatuhusu. Tangu wanafunzi 81 wa Kenya walipopaa kuelekea Marekani mwaka wa 1959 kwa juhudi za Tom Mboya, wazazi wetu hawajakoma kuuza mashamba kuwapeleka wana wao huko. Kijana anayejulikana nyumbani kwa jina na ukoo wake hutua ugenini na kujikuta anaitwa Mweusi tu.

Idadi ikizidi kupungua, wachache waliosalia watakuwa wapweke zaidi. Mahakama imezungumzia usajili. Haijakataza vyuo kuwaketisha wanafunzi meza moja. Visipofanya hivyo, kijana atapata cheti bila kupata elimu yote aliyoifuata.