Makanga hapangi nauli: nilikosea kuhusu hidrojeni

Wadau, kabla hamjaniuliza mbona ile video ya hidrojeni nimeitoa, wacha niseme mwenyewe. Nilikosea. Nilisema eti ukichanganya unga wa magnesiamu na kichocheo kidogo, unaweza kubeba hidrojeni kwa mtungi kama ule wa gesi ya kupikia, na itatoka ukifungua tu, bila joto lolote. Video ikaenda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka hapa. Halafu mwalimu mmoja wa kemia akaniandikia chini, kwa upole kabisa: "Mwanangu, kichocheo kinafanya kazi gani hasa?" Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika lingine, nikafuta. Sikuwa na jibu, bana.

Tuanze na shida yenyewe. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli. Lakini kwa presha ya kawaida, hiyo kilo moja inajaza zaidi ya lita 11,000. Lile tangi kubwa la maji unaloona nyuma ya ploti, la lita 10,000, halitoshi kubeba kilo moja! Ndiyo maana gari kama Toyota Mirai linaibana kwa presha ya bar 700, na wengine wanaipoza hadi nyuzi 253 chini ya sufuri ili iwe maji maji. Njia ya tatu ni kuificha ndani ya metali. Thomas Graham aliona hilo Uingereza katika miaka ya 1860: metali ya paladiamu ilimeza hidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Metali ikishaungana na hidrojeni hivyo, tunaiita hidridi.

Magnesiamu ndiyo inayopendwa sana kwenye mazungumzo haya, na naelewa kwa nini. Inapatikana kwa wingi, ni nyepesi, na asilimia 7.6 ya uzito wa hidridi yake ni hidrojeni. Kilo 100 za unga huo zinabeba kilo 7.6, wakati matangi ya Mirai yanabeba kama kilo 5.6. Hapo ndipo nilipopagawa.

Sasa fikiria matatu pale stage. Hidrojeni husafiri wawili wawili, wameshikana mikono kabisa. Viti vya magnesiamu ni vya mtu mmoja mmoja. Wale wawili wakifika mlangoni hawataki kuachana, na nyuma yao foleni inazidi kuwa ndefu. Kichocheo ni makanga. Anawatenganisha mlangoni, anawasukuma ndani, na wakati wa kushuka anawakutanisha tena chap chap wasijazane mlangoni. Safari iliyokuwa inachukua masaa inachukua dakika.

Lakini nauli hapangi yeye.

Na nauli ya hidrojeni hulipwa kwa joto, wakati wa kushuka. Ili hidrojeni itoke kwa magnesiamu kwa presha ya kawaida, lazima ufike karibu nyuzi 280, na kwa kila moli moja unalipa kama kilojuli 75. Hidrojeni hiyo ikichomwa inakupa kama kilojuli 242. Yaani karibu theluthi ya kile unachopata imeliwa na gharama ya kuitoa tu. Weka kichocheo cha aina yoyote duniani, hiyo 75 haisongi. Kichocheo kinashusha kizuizi cha mlangoni. Tofauti ya nishati kati ya ndani na nje kinaiacha vile ilivyo. Hiki ni kitu cha kidato cha tatu na nne, na mimi nilikuwa nimekisahau kabisa.

Mnajua nilijidanganya vipi? Mwaka 2003 watafiti wa GKSS kule Geesthacht, Ujerumani, walisaga hidridi ya magnesiamu pamoja na oksaidi ya naiobiamu kidogo sana. Hidrojeni ikatoka kwa dakika chache. Ni kazi safi. Mimi nikasoma "dakika chache" nikakimbilia kamera. Kumbe sentensi hiyo hiyo ilikuwa na "nyuzi 300" ndani yake.

Kwa hivyo kichocheo ni bure? Hapana, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Kuna metali nyingine ambapo nauli si kubwa, shida ni mlango tu. Mfano ni alanati ya sodiamu, mchanganyiko wa sodiamu, alumini na hidrojeni. Hatua yake ya kwanza ya kuachilia hidrojeni inadai kama kilojuli 37 tu kwa moli, nusu ya magnesiamu. Ila ilionekana haina faida, kwa sababu kuirudisha hidrojeni ndani ilikuwa kazi ngumu mno. Mwaka 1997, Borislav Bogdanović na Manfred Schwickardi wa taasisi ya Max Planck kule Mülheim walitia titaniamu kidogo, na kitu kikaanza kupumua: kinatoa hidrojeni, kinairudisha, kwa joto la chini kuliko la magnesiamu. Hapo makanga alikuwa ndiye aliyekosekana. Sasa kwa karatasi inabeba asilimia 5.6, kwa vitendo inashuka, na sababu moja ni kwamba makanga mwenyewe anakalia nafasi na halipi.

Ndiyo maana siku hizi nikiona "wanasayansi wamemaliza shida ya hidrojeni", sishtuki. Nauliza ni kwa joto gani, halafu uzito wa tangi zima ni gani, si wa unga pekee. Nikishajibiwa nauliza imejazwa na kumwagwa mara ngapi kabla ichoke. Video yangu haikujibu hata moja kati ya hayo.

Kwani inatuhusu nini sisi? Septemba 2023 serikali yetu ilizindua mpango wa hidrojeni ya kijani, na mbolea ikawekwa mbele. Mimi naunga mkono hilo kuliko ndoto za magari. Usiku wa manane nchi ikiwa imelala, kuna mvuke Olkaria unaachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kutumia stima hiyo. Ukitengeneza hidrojeni saa hizo, lazima uiweke mahali, maana kiwanda cha mbolea hakipendi kuwashwa na kuzimwa kama jiko la gesi. Na tangi la kiwandani likiwa zito, shida iko wapi? Limekaa chini, haliendi Nakuru.

Hapo ndipo chuma na titaniamu zikichanganywa zinanivutia kuliko magnesiamu. Zinabeba chini ya asilimia 2 tu, nzito ajabu, lakini zinafanya kazi karibu na joto la kawaida la chumba. Manowari za Ujerumani za aina ya 212A zinahifadhi hidrojeni kwa hidridi za metali, na uzito haujazizuia. Mchanganyiko huo una kiburi mwanzoni, unakataa kumeza hadi uuchemshe chini ya hidrojeni, lakini ukitia manganizi kidogo unalegea. Na Kwale tulichimba ilmenaiti, ambayo ni chuma, titaniamu na oksijeni, tukaipakia melini miaka zaidi ya kumi hadi mgodi ukafungwa mwishoni mwa 2024. Sisemi ilikuwa rahisi kuisafisha hapa, wala kwamba matangi haya ni ya bei nafuu. Nasema hakuna aliyetuuliza swali hilo kwa sauti.

Kuna jamaa aliniambia niachane na haya yote, betri zimeshinda. Kwa stima ya saa moja jioni nakubali. Ukigeuza stima iwe hidrojeni halafu uirudishe iwe stima, unabaki na chini ya nusu. Lakini betri haitengenezi mbolea, ndugu.

Video mpya nitaiweka Ijumaa. Mwalimu amekubali kuiangalia kwanza, na tayari amenirudishia rasimu ikiwa na alama nyekundu sehemu nne.