Mandera Imepigwa Picha Ikilia

Mtu aliyelelewa Mombasa zama ambazo Regal, Majestic na Naaz zilikuwa zingali zikiwasha taa zao baada ya magharibi, akawa radhi kushinda na njaa mchana kutwa ili senti zake zisipungukie bei ya tikiti, hawezi kuhamia Mandera asiulize, kabla hata ya kuulizia maji na nyumba ya kupanga, kama mji huu una sinema. Nami niliuliza, nikachekwa. Jawabu nililipata usiku wa tatu, nilipoufuata mlio wa jenereta hadi kwenye kibanda cha mabati kilichotandikwa mikeka, mna televisheni moja juu ya kreti la soda, na mlangoni ameketi kijana akipokea ujira kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kitita cha miraa. Picha ilikuwa Sholay, ile ya mwaka 1975. Lakini Amitabh Bachchan na Dharmendra walikuwa wakisema Kisomali, tena Kisomali cha kurushiana methali, kwa sauti walizotiwa na watu wasioonekana, na Gabbar Singh, haramia ambaye mimi tangu utotoni nilimzoea akitisha kwa Kihindi, alipofungua kinywa akamtukana mtu pamoja na ngamia wake, kibanda kizima kiliangua kicheko.

Kicheko hicho kilinitia fikirani, kwa kuwa nilikuwa mimi peke yangu nisiyecheka. Picha nilikuwa naijua kwa moyo, wao nilikuwa siwajui. Nilipopatwa na msiba wa kwanza wa jirani, wiki chache baadaye, sikuhitaji mkalimani hata kidogo: jeneza ni jeneza, na mama anayelia analia kwa lugha ya kila mtu. Lakini ilinichukua zaidi ya mwaka kufahamu kwa nini tusi la ngamia huchekesha, ni nani anayeruhusiwa kumtania nani, ni ukoo gani hufanyiwa mzaha kwa ubahili na upi kwa kupenda maneno. Tangu hapo nimekuwa nikizipima picha za mataifa kwa mizani hii: anayetaka kuigiza huzuni ya watu anaweza kushuka leo kwenye ndege na kupanda kesho, ilhali anayetaka kuigiza kicheko chao hana budi kukaa nao, anywe chai yao, adaiwe nao na awadai.

Wahindi, ambao ndio walionifunza kutazama, hawakubali kutenganisha mawili hayo. Mehboob Khan, katika Mother India ya mwaka 1957, anamfikisha Nargis mahali pa kumpiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa ajili ya heshima ya kijiji. Na ile Sholay, iliyojaa mauaji, inasimama katikati ya safari ili bwana jela mmoja apige gwaride kwa mikogo ya Hitler, kama Charlie Chaplin alivyowahi kumfanyia stihizai. Mzungu aliyezoea kula kitu kimoja kimoja husema huko ni kuchanganya mambo. Mtu wa pwani haoni ajabu, maana hajapata kuona pilau iliyopakuliwa bizari kando na nyama kando. Wanijeria nao hupenda kelele. Nimewacheka sana Aki na Ukwa wao, wale wanaume wawili wafupi waliocheza utoto tangu mwaka 2002, kisha nikawasahau mara baada ya kuzima televisheni, wala sioni kuwa hiyo ni aibu kwao au kwangu.

Walionishangaza ni Wairani. Majid Majidi alitoa mwaka 1997 picha kuhusu mvulana, Ali, aliyepoteza viatu vya dada yake, na kwa kuwa baba yao hana uwezo wa kununua vingine, ndugu hao wanavaa jozi moja kwa zamu, dada asubuhi, kaka mchana, wakipokezana vichochoroni mbio mbio. Hamna bunduki wala adui. Ali anaingia katika mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu, anakimbia kwa bidii ya kushika nafasi ya tatu, na kwa bahati mbaya anashinda. Watu wanambeba juu, wanampiga picha, naye machozi yanamtoka. Nimeionyesha picha hiyo kwa watoto wa mtaani kwangu mara nne, na kila mara, anapovuka utepe, nusu yao hucheka na nusu hunyamaza. Wanaonyamaza aghalabu ndio waliokuja pekupeku.

Lakini picha niliyotaka hasa kuizungumzia ni ya Kimisri. Nilipolitaja jina lake sebuleni kwangu mbele ya majirani saba, Al-irhab wal-kabab, yaani Ugaidi na Kababu, wote waliacha kunong'ona, kwa kuwa neno lile la kwanza halitamkwi Mandera kwa mzaha. Ni picha ya mwaka 1992, ya Sherif Arafa, na anayecheza ni Adel Imam. Baba mmoja wa Kairo anataka kuwahamisha wanawe shule, basi anakwenda Mogamma, lile jumba kubwa lililokuwa la serikali katika uwanja wa Tahrir, anapandishwa ngazi na kushushwa, leo na kesho, na karani anayehusika, kila anapofuatwa, yumo katika sala. Ugomvi unazuka, bunduki ya askari inaangukia mikononi mwa baba yule pasi na kutaka, inalia, na mara jumba zima linamwita gaidi. Serikali inauliza anadai nini. Hana la kudai. Mateka wana njaa, nao ndio wanaomsaidia kufikiri, na hivyo dai la kwanza linalomfikia waziri ni kababu.

Alikuwako mama mmoja aliyenipitia kuchukua dumu lake la maziwa ya ngamia, akasimama mlangoni akisema haketi. Kiarabu chake ni cha Fatiha na sura fupi fupi. Karani yule alipotoa takbiri kwa mara ya tatu huku foleni ikirefuka, mama alishika kiuno, akasema, “Maalim, huyu mimi namjua. Kwani walimhamishia huko lini?” Akaketi, dumu mapajani, hata picha ikaisha. Katika kaunti hizi za mpakani, ambako kwa miaka mingi mtu hakupata kitambulisho mpaka apite usaili wa ziada na kusailiwa babu wa babu yake, hakuna haja ya kumfasiria mtu Mogamma. Na mwishoni, askari wanapongoja kumkamata gaidi, wale mateka wanakataa kutoka wamwache. Wanatoka pamoja naye wakiwa kundi moja, yeye katikati, na askari hawajui ni yupi. Hapo sebule yangu haikucheka. Mzee mmoja alisema kwa sauti ndogo, “El Wak.”

Msomaji anakumbuka, au inampasa akumbushwe. Tarehe 22 Novemba 2014, si mbali na mji huu, wasafiri 28 waliteremshwa katika basi na kuuawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu, na walimu walikuwa wengi miongoni mwao, wakirudi kwao likizo. Meza walizoziacha nimezifundishia. Tarehe 21 Desemba mwaka uliofuata basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, na safari hii abiria Waislamu walipoamriwa wajitenge, walikataa, wakiwa wamekwisha kuwagawia wenzao mitandio na kofia, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafa Januari 2016.

Kisa hicho ndicho kilichotiwa katika Watu Wote, picha fupi ya dakika 22, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani chini ya uongozi wa Katja Benrath, ikachezwa kwa Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar. Ni picha njema, na ninasema hivyo nikijua kuwa kusifu ni rahisi pale maiti wapo. Waigizaji wake wanajua kukaa kimya. Mwanamke Mkristo anayeliogopa basi zima, kwa sababu wauaji wamekwisha kumnyang'anya mume na mtoto, haongei mengi, na uso wake unatosha. Tena abiria wa basi hilo wana majina na nyuso, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyepata kuiona Black Hawk Down ya mwaka 2001, ambamo Mogadishu ni Moroko iliyovikwa vumbi, na Wasomali ni umati unaotoka vichochoroni ili upigwe risasi. Hata Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, aliyecheza kwa umahiri katika Captain Phillips hata Waingereza wakampa tuzo yao ya BAFTA mwaka 2014, ilimlazimu aanze kwa kuwa haramia.

Na vichekesho vyetu wenyewe vya Kenya, je? Huko Msomali huingia kama lafudhi. Anafungua duka, anakosea ngeli, watu wanacheka, anatoka. Sikatai kuchekwa, mimi na Kiswahili changu cha Mvita huchekwa hapa kila Jumatatu. Ninachokataa ni kwamba mwandishi wa mchezo wa namna hiyo hajapata kumsikia Msomali akimchekesha Msomali mwenziwe, na lau angelisikia, angeliona haya kwa jinsi mzaha wake ulivyo chapwa.

Yupo aliyeweza. Khadar Ayderus Ahmed, Msomali aliyehamia Finland, alitoa mwaka 2021 The Gravedigger's Wife, aliyoipigia Djibouti, na mwaka huo huo ikashinda tuzo kuu ya FESPACO kule Ouagadougou. Mchimba kaburi anatafuta fedha za kumpasulia mkewe figo. Maudhui ni mahazuni, sivyo? Walakini tazama wachimba kaburi wale, sururu na koleo mkononi, wamejikusanya nje ya hospitali wakingojea mtu afe ili wapate riziki, wakitaniana, kila gari la wagonjwa linapoingia wakiinua shingo. Nilicheka hata nikajiona nina dhambi, na palepale nikampenda mchimba kaburi yule kama ndugu, kwa hiyo alipoanza kuumia nami niliumia. Hayo aliyaweza kwa sababu amewasikia watu wake wakizungumza barazani wakati hakuna kamera.

Sheikh jirani yangu huniambia kuwa picha zote ni laghwi, ingawa Ertuğrul wa ile tamthilia ya Waturuki hajamkosa hata usiku mmoja, na wengine huona kuwa mji ulioteseka kama huu kuufanyia vichekesho ni kuwadharau wafu. Nawaelewa. Lakini wafu wetu wameshaigizwa hadi Hollywood. Walio hai hawajaigizwa hata Garissa. Vijana wanaokusanyika katika kile kibanda wana simu zenye kamera bora kuliko alizokuwa nazo Mehboob Khan, na wenye bajeti za utamaduni, Nairobi na hapa pia, wakiulizwa watasema wanangoja maandiko. Nami, maadamu nimeulizwa mara nyingi nitaje walau moja, nitaitoa hikaya inayozungushwa hapa barazani, mwenye kuitaka aichukue bure.

Punda wa muuza maji mmoja aliuvuka Daua siku mto ulipokauka, akala Suftu, upande wa Ethiopia, kisha akazunguka na kwenda kulala Bula Hawa, upande wa Somalia, na asubuhi akarudi Mandera na mkokoteni wake, dumu hata moja halijapotea. Mpakani wakamzuia. Mwenyewe, mzee mwenye ndevu za hina, akaenda kumtaka, akaambiwa kuwa mnyama aliyepita nchi tatu kwa siku moja lazima ithibitike ni wa wapi. Akaleta mashahidi, hawakukubaliwa. Akaonyesha alama aliyomchoma, ikapigwa picha. Mwisho afisa, amechoka, kalamu mkononi, akauliza, “Sasa mzee, mimi niandike punda huyu ni raia wa nchi gani?” Mzee akamtazama afisa, akamtazama punda.

“Muulize mwenyewe, adeer,” alisema. “Kisomali anakijua, Kiborana anakijua, na Kiswahili hutukanwa nacho kila siku. Ila nakuonya: mimi ninaye mwaka wa tisa huu, na bado hajanijibu.”