Jua la Rahaleo na Mita ya Njia Mbili

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Rahaleo, fundi cherehani anayekaribia miaka sitini, alinisimamisha barazani kwake. "Mwalimu, nikiweka paneli juu ya bati na kuziunganisha na umeme wa gridi, umeme ukikatika nitabaki na mwanga?" Nikamjibu kwamba hatabaki nao asipokuwa na betri. Alicheka, akidhani ninamtania.

Inveta ya gridi isiyo na betri hufuata mapigo ya umeme wa gridi. Gridi ikizimika, nayo hujizima. Imeundwa hivyo kwa makusudi, ili fundi aliyepanda nguzoni akiamini waya hauna umeme asiuawe na umeme unaotoka paani kwa mtu. Anayetaka mwanga wakati wa giza hana budi kununua betri na inveta inayozimudu, na hapo gharama hupanda sana. Muuzaji asiyemweleza mteja jambo hili kabla ya kupokea fedha anamdhulumu.

Faida ya kuunganishwa iko kwenye hesabu ya uniti. Tuseme paneli zinatoa uniti 12 kwa siku, na nyumba inatumia 4 mchana. Zile 8 zinazobaki hupita kwenye waya na kutumika kwa majirani. Usiku mwenye nyumba hupunguziwa malipo kwa kiasi alichotoa. Hesabu hiyo huhitaji mita ya njia mbili. Mita nyingi za malipo ya kabla hazikuundwa kwa kazi hiyo; zipo zinazohesabu umeme unaotoka kana kwamba umetumika.

Majirani zetu wa Kenya waliliingiza jambo hili katika Sheria ya Nishati ya 2019, na kanuni zao za 2024 humrudishia mteja nusu ya uniti alizopeleka. Zile 8 zingehesabiwa 4. Wapo watakaosema hiyo ni dhuluma. Mimi, ingawa natamani paneli kwangu, sisemi hivyo.

Nguzo, transfoma na mishahara ya mafundi hulipiwa ndani ya bei ya uniti. Kwa agizo la bei la mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na yule wa T1 shilingi 292 kabla ya kodi. Ni wazi kwamba nafuu ya mmoja hubebwa na mwingine. Basi mtu wa mshahara kama mimi akipunguza ununuzi mchana, kisha akarudishiwa kila uniti usiku, anautumia waya kama ghala bila kulipia ghala. Wakifanya hivyo wengi, mzigo utamwangukia fundi cherehani, ambaye kwa shilingi 100 paneli zisingemlipa hata baada ya miaka mingi.

Je, tuache? La hasha. Naona mambo matatu ya kufanya. Kwanza, masharti ya kuunganishwa, ada na muda wa kujibiwa vibandikwe kwa Kiswahili chepesi katika kila ofisi ya TANESCO ya wilaya, na EWURA isimamie utekelezaji. Pili, uniti zinazopelekwa zilipwe kwa haki, lakini si zaidi ya thamani yake. Tatu, fedha ya umma ianze na mapaa ya shule na zahanati, ambazo hutumia umeme zaidi mchana, jua linapowaka. Humo faida ni ya wote, na haja ya betri ni ndogo.

Watu wa Mtwara tunaijua ladha ya kupitwa. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2013 bomba la kuelekea Dar es Salaam lilizua ghasia zilizogharimu maisha. Mwaka 2015 likazinduliwa. Swali la wakati ule lilikuwa: sisi tunabaki na nini? Jua halihitaji bomba, na limeangukia kila paa. Lakini kanuni mbovu inaweza kulifanya nalo liwe mali ya wachache, na safari hii wachache hao tutakuwa sisi wenyewe, wenye mishahara na mabati mapya, tunaoishi mtaa mmoja na fundi cherehani.