TUSIKATE MBELEKO, MWANA HAJAZALIWA

Hapa kwetu Marani sote tunamjua mkulima anayekopa dukani kwa hesabu ya bonasi ya chai ambayo haijatangazwa. Bonasi ikija ndogo, anapitia njia ya nyuma mwenye duka asimwone. Sisi humcheka. Mbona serikali ikifanya vivyo hivyo hatucheki?

Kila mwaka kabla ya Julai, Wizara ya Fedha hukadiria kodi itakayokusanywa. Makadirio yangefaa kufuata hali ya uchumi. La hasha! Wanasiasa huanza na ahadi, barabara hapa, zahanati pale, kisha tarakimu ya mapato inapandishwa mpaka itoshe. Manake tarakimu kubwa haimuudhi mtu siku ya bajeti. Kukata mradi ndiko huleta makelele. Mwaka wa 2024 shilingi bilioni 346 za Mswada wa Fedha zilikuwa zimeshapangiwa matumizi. Vijana wakaandamana, mswada ukaondolewa mwezi wa Juni, bajeti ikabidi ikatwe.

Kaunti nazo ni zile zile. Msimamizi wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o, amezionya mara nyingi juu ya malengo ya mapato yasiyofikika, kwa kuwa huzaa madeni. Fundi amejenga, hati anayo, pesa hana.

Je, sisi wa shule za kutwa yanatuhusu nini? Serikali iliahidi Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bw. John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba zimeshuka hadi Sh16,900. Zimepungua Sh5,344! Darasa la watu 40 limekosa Sh213,760. Hiyo ni chaki, ni karatasi za mtihani, ni mshahara wa mpishi.

Wapo watakaosema kukadiria ni kubahatisha, hata mtaalamu hukosea. Kweli, lakini anayekosea kwa bahati mbaya hukosea huku na huku. Wetu mara nyingi hukosea upande wa juu tu. Kule Chile, kamati ya wataalamu wasio wanasiasa ndiyo hukadiria bei ya shaba inayotumiwa kupanga bajeti. Nasi tuwape kazi hii wasioomba kura. Mbunge akitaka kuipandisha tarakimu yao, asimame Bungeni aeleze pesa zitatoka wapi, na jina lake liandikwe.