Loshoro Katika Sahani ya Kaure

Sina ugomvi na wapishi wa hoteli za Arusha wanaokichukua chakula cha wenyeji wa Mlima Meru na tambarare zake, wakakipamba, wakakipakua kwa akali katika sahani pana ya kaure, na wakakitoza bei ambayo mkulima aliyezitoa ndizi zile angeisikia akadhani masikio yake yamemhadaa. Kwani kabla ya ada hiyo kuzuka, mgeni aliyelala katika mji huu aghalabu aliondoka akiwa amekula viazi vya kukaanga na kuku wa kuoka, asijue hata jina la kitu kimoja kinachopikwa nyuma ya ua wa hoteli aliyolala. Watu wa pwani hawakupata kuhitaji utetezi wa namna hii, maana pilau na biriani ziliandaliwa mbele za masultani na maharusi zamani kabla ya kuandaliwa mbele za watalii. Maakuli ya huku bara yalikuwa na bahati nyingine: yalihesabiwa kuwa ya nyumbani, ya mzazi na ya mchungaji, yasiyostahili kuandikwa katika orodha yenye jalada la ngozi. Yakiandikwa leo, ni insafu iliyochelewa.

Nizungumzie kimoja tu, nacho ni loshoro, chakula cha Waarusha na jirani zao Wameru. Huko Terrat, kata iliyo kusini mwa Jiji la Arusha, ambako nyumba za matofali zinasogea kila mwaka juu ya malisho ilhali wenyeji wangali wakifuga, hakuna atakayekueleza habari zake kwa maneno mengi: mahindi hutwangwa kinuni hata yatoke maganda, yakapepetwa, yakachemshwa kwa saa nyingi hata yalainike, kisha yakaachwa yapoe na kuchanganywa na maziwa mgando, na wapo watiao ndizi zilizopondwa, hasa kule juu mlimani ambako migomba haikosi maji. Walakini siri yenyewe haimo katika mahindi. Imo katika kibuyu. Kabla ya kutiwa maziwa, kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti uitwao oloirien, yaani mzeituni wa porini, kinachosuguliwa ndani yake hata kuta zishike masizi na harufu. Maziwa yakilala humo siku kadhaa hutoka mazito, makali, yenye moshi. Loshoro isiyo na moshi ule ni makande yaliyomwagiwa mtindi, wala hapana haja ya kusafiri hadi Arusha kwa ajili ya kuyala.

Basi itazameni ile ya hotelini. Niliyoandaliwa mimi, katika nyumba moja ambayo haina haja ya kutajwa, ilikuwa nzuri kwa macho na baridi kwa kiasi chake, lakini mtindi wake ulikuwa wa pakiti, umetiwa asali ili kuuvunja ukali, na juu yake limelazwa jani la mnanaa ambalo sikupata kujua limetumwa na nani. Kijana aliyetuhudumia, mwenye adabu ya kutosha, alisema kwamba wageni hawapendi uchachu. Hapo ndipo njia yangu na ya wapishi hawa inapoachana. Kupamba ni haki yao. Kupunguza kipimo ni haki yao, maana bakuli la loshoro la mchungaji lingemlaza mtalii mchana kutwa. Lakini uchachu na moshi si taka za kuoshwa, bali ndivyo vinavyokifanya chakula kile kiwe kile na si kingine, na mwenye kuviondoa amebakiza jina tu.

Anayedhani kwamba meza ya fahari haivumilii ladha ngumu naatazame Singapore, ambako mkahawa wa Candlenut, chini ya mpishi Malcolm Lee, ulitunukiwa nyota ya Michelin mwaka 2016 kwa mapishi ya Waperanakan, kizazi cha Wachina walioishi na kuchanganyika na Wamalay. Katika mapishi hayo hapana kitu kinachotajwa kwa taadhima kuliko buah keluak, kokwa lenye sumu likiwa bichi, ambalo sharti liandaliwe na kulowekwa kwa siku nyingi kabla halijafaa kuliwa, na ambalo mchuzi wake ni mweusi wenye uchungu. Sahani zimekuwa za kupendeza, na mchuzi ukabaki mweusi. Wala nchi zile si za kigeni kwetu kama tunavyodhani, kwa kuwa migomba yote ya Meru, pamoja na ile ya mshare tunayoitumia kwa mtori, asili yake ni pande hizo za Asia, ikavuka bahari zamani mno.

Hoja ya upande wa pili naijua, nayo ina uzito. Mwenye hoteli anawajibika mbele ya Bodi ya Maziwa, iliyotokana na sheria ya mwaka 2004, na mbele ya Shirika la Viwango, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019. Na maziwa mabichi yaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, maradhi ambayo hapana mtu mwenye akili atakayemwandalia mgeni wake. Lakini hoja hiyo inayakataza maziwa mabichi, haikikatazi kibuyu. Maziwa yakichemshwa barabara, yakapozwa, yakatiwa kianzio safi na kulazwa katika kibuyu kilichofukizwa, hupata moshi wake na ukali wake bila ya kumhatarisha mtu. Linalohitajika ni hoteli kufunga mkataba na akina mama wafugaji wa Terrat na kata jirani, kuwalipia sufuria na ukaguzi, na kununua kwao kila juma kwa bei inayolingana, angalau kwa mbali, na ile iliyoandikwa katika orodha.

Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha imechaguliwa kuwa na uwanja wa watu 30,000 katika kata ya Olmoti. Wageni watakuja na njaa zao. Wakianza kuletewa maziwa ya kibuyu kwa mapatano hayo, habari ya jani la mnanaa tutaijadili siku nyingine.