Mtoto Kilo 4.8 na Watu Wanashangilia, Sukari ya Mama Je?

Staa wa Bongo akijifungua siku hizi, kitu cha kwanza kuposti si jina la mtoto, ni kilo. Juzi kati mwimbaji mmoja katupia picha ya vidole vya kichanga chake na maneno mafupi tu: kilo 4.8. Mashabiki wakamwaga makopa. "Dume hilo!" "Mama alikuwa anakula huyo." "Uji umekubali." Komenti zikajaa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sukari ya mama ilikuwa ngapi.

Ukiuliza hivyo mtandaoni utaitwa mwenye husda. Lakini ndilo swali ambalo mkunga makini angeuliza akiona mizani inasoma vile.

Mtoto anayezidi kilo 4 anaweza kuwa mkubwa kwa sababu ukoo wao ndivyo ulivyo, sawa. Ila pia inaweza kuwa dalili ya kisukari cha mimba, na wengi wenye nacho hawajisikii chochote. Kiu na kukojoa kila saa? Wanaambiwa ni mimba hiyo. Inavyokuwa ni hivi: kondo la nyuma linatoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama. Kwa wengi, kongosho linaongeza juhudi na mambo yanaenda. Kwa wengine linazidiwa, sukari inapanda kwenye damu. Sukari hiyo inavuka kondo mpaka kwa mtoto, insulini ya mama haivuki. Basi mtoto anatengeneza insulini yake nyingi, inayomnenepesha, hasa kifuani na mabegani.

Hapo ndipo kasheshe ya leba inapoanzia. Kichwa kimetoka, bega limekwama. Mtoto anaweza kuvunjika mtulinga, kuumia mishipa ya fahamu ya mkono au kukosa hewa. Mama anachanika vibaya, anavuja damu, au anaishia kwenye kisu. Na ule ubonge uliosifiwa haumlindi mtoto akishatoka. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakata ghafla wakati insulini ya mtoto bado iko juu, kwa hiyo sukari yake inaporomoka. Kichanga kinatetemeka, kinalegea, kinakataa kunyonya, huku nje ndugu wanapiga vigelegele.

Linganisha na yule mwigizaji aliyesema waziwazi kwenye mahojiano kwamba aligundulika nacho. Alichambuliwa siku mbili nzima. "Keki za bebi shawa hizo." "Soda zimemponza." Huo ni uonevu. Uzito mkubwa kabla ya mimba, umri, kisukari kwenye familia au kuwahi kuzaa mtoto mkubwa, vyote vinaongeza uwezekano, na bado wapo wembamba wasio na hata kimoja wanaokipata. Kati ya hao wawili, aliyewafaa mashabiki wake ni huyu aliyezomewa.

Wewe mama kijacho unayesoma hapa, wiki ya 24 hadi ya 28 ndiyo muda wako, au mapema zaidi kama una hizo dalili za hatari. Unaenda asubuhi hujala, unatolewa damu, unakunywa glukosi gramu 75, unapimwa tena baada ya saa 1 na saa 2. Ikifika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2, kimoja tu kinatosha kuanza kushughulikiwa. Kile kijiti cha mkojo hakitoshi: kinaweza kuonyesha sukari kwa asiyeumwa na kumpitisha anayeumwa. Ni kweli kipimo hiki hakipo kila zahanati. Staa anayemlipa mpiga picha wa tumbo hana kisingizio hicho.

Wengi wanaituliza kwa kupanga mlo na kutembea. Hiyo habari ya "kula kwa ajili ya wawili", sahani ya ubwabwa kama ya wapagazi na juisi ya miwa juu yake, mama mkwe aipumzishe kidogo. Sukari ikigoma, kuna dawa na sindano za insulini, na hazimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni sukari iliyoachwa.

Halafu kuna arobaini, ambayo mastaa wameigeuza shughuli ya MC, mapambo na sare. Siku hiyo inaangukia karibu na wiki ya 6, na kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12 ndipo aliyekuwa na kisukari cha mimba anatakiwa kupimwa tena, hata kama sukari ilishuka alipojifungua. Uwezekano wake wa kupata kisukari aina ya 2 huko mbele ni kama mara 7 hadi 10 ya mwenzake. Kipimo ni cha asubuhi, ukumbi unafunguliwa jioni. Vyote vinaingia.