Usukani Unaotetemeka: Swali la Fizikia Lililoachwa Barabarani

Gari dogo linapotoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, usukani wake huweza kuwa mtulivu kabisa katika msongamano wa Kimara na Kibaha. Baada ya Mlandizi barabara hufunguka, na kasi ikifika kilomita 90 kwa saa, usukani huanza kutetemeka mikononi mwa dereva. Akiongeza mwendo hadi 110, mtetemo hufifia, naye hujiambia kwamba gari limejirekebisha. Hakuna kilichorekebika. Gurudumu lile lile lenye dosari sasa linavuta kwa nguvu zaidi kuliko awali, ila vyuma vinavyolishikilia vimeacha kuliitikia.

Mwanafunzi wa sekondari anazo zana zote za kulieleza jambo hili. Mzingo wa tairi la gari dogo ni karibu mita 2. Kwa kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 14 kila sekunde. Tuseme upande mmoja wa rimu umezidi kwa gramu 30, ama kwa sababu kipande cha risasi kilichobandikwa kusawazisha uzito kimedondoka, ama kwa tope lililokaukia ndani ya rimu. Uzito huo ukiwa sentimita 20 kutoka kitovuni, huvuta gurudumu kwa kani ya nyutoni 46 hivi, sawa na uzito wa mfuko wa karibu kilo 5 unaorushwa huku na huku mara 14 kwa sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa kani hiyo ni robo tu, kwa kuwa hukua kwa mraba wa kasi. Ndiyo maana mjini haikuhisiwa.

Kufifia kwake kwenye kasi kubwa zaidi ni habari nyingine. Mtoto asukumaye pembea hufanikiwa pale tu anapofuatisha mwendo wa pembea yenyewe. Akisukuma haraka mno hutoka jasho bure. Springi, tairi na vyuma vya usukani navyo vina mwendo wao wa asili, na katika magari madogo mengi gurudumu huufikia baina ya kilomita 80 na 110 kwa saa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ujuzi huu hauonekani gereji. Aghalabu mwenye gari hushauriwa kufanya alaimenti, ilhali magurudumu yaliyopinda mwelekeo huvuta gari upande mmoja na kula tairi kingo, na ni nadra kuwa chanzo cha mtetemo wa namna hii. Au hubadilishiwa spea moja baada ya nyingine hadi fedha zimwishie. Lakini haifai kuwalaumu mafundi wote. Yupo fundi ambaye, kabla ya kugusa chochote, huuliza mtetemo huanza kwa kasi gani, kisha hukaza nati za magurudumu, huhamishia ya mbele nyuma, na kwenda kulijaribu gari barabara ile ile kwa kasi ile ile. Mtetemo ukitoka kwenye usukani na kuhamia kwenye viti, mkosaji amejulikana kuwa ni gurudumu. Amebadili jambo moja na kuyaacha mengine kama yalivyo. Hilo ni jaribio la kisayansi kamili, hata kama halikuandikwa daftarini, na ni bora kuliko majaribio mengi ya maabara ambayo jibu lake hujulikana kabla ya kuanza.

Mtetemo ujao wakati wa kukanyaga breki tu huelekeza kwenye sahani za breki zisizo na unene sawa. Ulio hatari kuliko yote ni ule unaoanza hata kwa mwendo mdogo na kuzidi siku hadi siku: huenda tairi linavimba kwa kuachana matabaka yake, na tairi la namna hiyo hupasuka bila kuaga. Wanunuzi wa matairi ya mtumba wasome tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2315 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2015.

Shule isiyo na gari haikosi baiskeli. Mwalimu aipindue, afunge nati kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele, aliache litulie: upande mzito utashuka chini. Afunge nati ya pili upande wa pili hadi gurudumu litulie popote linapoachwa. Mwanafunzi mdadisi atauliza kwa nini basi gereji huhitaji mashine ya kulizungusha. Ni kwa sababu gurudumu la gari ni pana. Uzito uliozidi kwenye ukingo wa ndani na mwingine uliozidi kwenye ukingo wa nje, upande wa pili, hulingana likiwa limesimama, na hulitikisa kushoto na kulia mara tu linapozunguka.